Asiyebisha Hodi Hahesabiwi

Mvara ni mahali pazuri pa kuupimia mpango wowote wa serikali unaopitia simu. Ni sehemu ya jiji la Arua nchini Uganda, yenye Kanisa Kuu la Emmanuel la dayosisi ya Madi na West Nile, yenye Mvara Secondary School, yenye nyumba za walimu, za wauguzi na za wastaafu. Ukiteremka kuelekea mjini unapita vibanda vya mawakala wa pesa za simu, wachaji betri, vijana wa boda boda na kina mama wanaouza vitenge kutoka Congo. Arua ilipandishwa kuwa jiji Julai 2020. Umeme wa gridi ya taifa uliufikia mkoa wetu wa West Nile miaka ya hivi karibuni, baada ya miaka mingi ya kutegemea mtambo mdogo wa umeme wa Nyagak na jenereta. Hapa mtandao upo, umeme upo, na anayejua kusoma Kiingereza hakosekani katika mtaa wowote.

Kwa hiyo kama kinachowanyima watu haki zao mtandaoni kingekuwa minara, nyaya na umeme peke yake, Mvara ingekuwa imeshamaliza tatizo hili. Haijamaliza. Wapo wazee wanaoishi hatua chache kutoka kibanda cha wakala ambao hawajawahi kugusa posho yao. Wapo wajane waliosikia tangazo redioni, wakalielewa vizuri, wakabaki wamekaa. Ukiwauliza, hawakwambii kwamba mtandao ulilala. Wanakwambia: "Vitu vile si vya watu kama sisi."

Sentensi hiyo ndiyo inayonisumbua. Miradi ya huduma za serikali mtandaoni imepangwa na watu waliohesabu vifaa, laini na kilomita. Hawakuhesabu moyo wa mtu anayesimama mbele ya kifaa. Na ninaamini kwamba woga wa mtu huyo si ujinga. Amefundishwa kuogopa, na mara nyingi mwalimu wake ni ofisi ileile inayomlaumu leo kwamba hajitokezi.

Tuanze na posho ya wazee, ambayo huku kila mtu anaiita SAGE. Ilianza mwaka 2010 kwa majaribio katika wilaya chache, na majirani zetu wa kusini, Nebbi na Zombo, walikuwamo. Wakati ule mtu wa miaka 65 alistahili. Mpango ulipotandazwa nchi nzima kuanzia mwaka wa fedha wa 2020/21, umri ulipandishwa hadi miaka 80. Kiwango ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na mara nyingi hutolewa kwa mkupuo wa miezi kadhaa. Kwa mtu wa Kampala mwenye mshahara hizo ni nauli za siku mbili tatu. Kwa bibi anayelea wajukuu ni sabuni, chumvi, dawa ya presha na madaftari ya shule, na zaidi ya hayo ni heshima ya kuwa na kitu mkononi ambacho hakukiomba kwa mtoto wake.

Mlango wa kuingilia ni rejista ya taifa inayotunzwa na NIRA, mamlaka ya vitambulisho. Umri wako ni ule ulioandikwa kule, hata kama jirani aliyezaliwa mwaka mmoja nawe anaujua vingine. Mwenye miaka 80 leo alizaliwa karibu na mwisho wa vita vya pili vya dunia au kabla yake, na katika vijiji vya Walugbara na Wakakwa hakukuwa na cheti cha kuzaliwa cha kumpa mtoto. Umri ulihesabiwa kwa njaa, kwa mafuriko, kwa mwaka fulani wa nzige, kwa chifu aliyekuwa madarakani. Aliyebatizwa ana bahati, maana huenda kadi yake ya ubatizo bado ipo ndani ya sanduku la mbao. Uandikishaji mkubwa wa mwaka 2014 ulipofika, karani alikuwa na foleni ndefu na mashine yenye kisanduku kinachodai tarakimu. Akakadiria, au mjukuu akakadiria, na kazi ikaendelea. Pale kwenye foleni, ni mzee gani angejua kwamba tarakimu ile ndiyo itakayokuja kuamua kama atapewa posho?

Siku ya malipo mambo huwa hivi. Wazee wanafika mapema, wengine kwa boda boda, mjukuu amekaa nyuma kumshikilia bibi asianguke. Zamu ya mama mmoja inafika. Kijana wa mashine anamwambia aweke kidole gumba. Anaweka. Mashine inakataa. "Mama, futa mkono." Anaufuta kwenye kitenge chake, anaweka tena. Inakataa. Kijana anajaribu kidole cha shahada, kisha cha kati, kisha anahamia mkono wa kushoto. Vidole hivyo vimeshika jembe miaka sitini, vimemenya muhogo, vimesugua masufuria kwa majivu, na mistari yake imelika. Foleni nyuma inaanza kuguna. Kijana si mkorofi, anasema kwa sauti ya upole, "Tutajaribu tena, mama." Lakini mama anauondoa mkono mwenyewe, anaufunika kwa ncha ya kitenge, na kusema, "Acha tu, mwanangu. Labda si zamu yangu."

Mkono ule uliojiondoa unastahili kutazamwa. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna kanuni iliyosema aondoke. Yeye mwenyewe, mbele ya watu wa kijiji chake, amepokea hukumu kwamba mwili wake umekosea. Wengine wote vidole vyao vilikubaliwa, chake kimekataliwa, na mashine, tofauti na karani, haina uso wa kuusoma wala jina la kulitaja ukienda kulalamika. Anarudi nyumbani na aibu isiyo na mwenyewe. Malipo yanayofuata yakitangazwa atasema mguu unauma. Katika kitabu cha mradi hakutaandikwa kwamba kuna mtu aliaibika. Kutaandikwa kwamba mlengwa hakujitokeza.

Hapo ndipo takwimu zetu zinapopotoka. Mfumo huhesabu walioingia: walioomba, waliokubaliwa, waliokataliwa. Aliyegeuka barabarani hana safu yake. Mwezi Juni 2021 taasisi tatu, yaani kituo cha haki za binadamu cha chuo kikuu cha New York, ISER ya Kampala na Unwanted Witness, zilitoa ripoti juu ya kitambulisho cha taifa nchini Uganda. Zilikadiria kwamba kati ya asilimia 23 na 33 ya watu wazima walikuwa hawajapata kadi. Kichwa cha ripoti ile kilisema juu ya watu waliofukuzwa na kuachwa wafe, na kilitikisa. Lakini hata idadi hiyo ni ya wasio na kadi. Wale wenye kadi mfukoni ambao hawathubutu kuitoa, nani atawahesabu?

Halafu kuna majina. Huku kwetu jina moja la mwanamke laweza kuandikwa Candiru au Chandiru, na yote mawili ni sawa mdomoni. Padri au mchungaji aliandika hivi, mwalimu akaandika vile, karani wa 2014, labda ametoka wilaya nyingine kabisa, akaandika alivyosikia. Kwa binadamu hilo ni jina moja. Kwa kompyuta ni watu wawili, na mmoja wao ni mwongo. Mama anayeambiwa kwamba jina lake "halilingani" hasikii hitilafu ya herufi moja. Anasikia anatuhumiwa kujifanya mtu mwingine. Nimeona wanawake wazima wakianza kujitetea kwa kueleza ukoo wao, baba yao alikuwa nani, waliolewa wapi, mbele ya kijana ambaye hana pa kuandika maelezo hayo hata akitaka. Wanatoka pale wamefedheheka, na kwa haki yao.

Huko Koboko, mpakani, fedheha hiyo ina sura yake nyingine. Wakakwa wamegawanywa na mipaka ya nchi tatu: Uganda, Sudan Kusini na Congo. Mtu ana shangazi upande wa pili, ana shamba la mama yake kule, soko lake la Jumamosi liko kule. Akifika kwenye meza ya uandikishaji swali la kwanza ni la kuthibitisha uraia, na kwa mtu wa mpakani swali hilo haliulizwi kwa sauti ileile anayoulizwa mtu wa Mukono. Katiba ya Uganda inawataja Wakakwa na Walugbara miongoni mwa jamii za asili za nchi hii. Hata hivyo mzee wa Koboko hufika mezani akiwa amejiandaa kubishiwa. Jirani yake ni mkimbizi wa Kicongo wa kambi ya Lobule. Wanafanana, wanasema lugha zinazoingiliana, wananunua sabuni duka moja. Anaogopa kosa dogo la karani litamhamisha upande wa pili wa orodha, na woga huo una mantiki.

Siwezi kuzungumzia orodha West Nile bila kurudi nyuma. Vita vya 1979 vilipomwangusha Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, mkoa mzima ulihesabiwa kuwa na hatia. Mwaka 1980 wanajeshi wake wa zamani walirudi na kushambulia, na jeshi la serikali likalipiza kwa raia. Arua na Koboko zilihamwa. Watu kwa maelfu walivuka kwenda Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka, wengine wakarejea katikati ya miaka ya themanini. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliua raia waliokuwa wamejificha katika misheni ya Ombaci, karibu kabisa na mji. Wazee wanaotakiwa leo kuandikisha majina, nyumba, idadi ya watoto na alama za vidole ndio vijana wa wakati ule. Walijifunza kwamba kutojulikana kunaweza kukuokoa. Sisemi kwamba kila mzee anayekwepa mashine anawaza Ombaci. Nasema kwamba mtu aliyeponea chupuchupu kwa kutokuwepo kwenye macho ya serikali hawezi kubadilika kwa sababu ya tangazo la redio la sekunde thelathini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Simu nayo ina historia yake, fupi lakini yenye uchungu. Julai 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, pamoja na kodi ya asilimia moja kwenye pesa za simu, iliyopunguzwa baadaye hadi nusu asilimia ya pesa unazotoa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwaka huohuo kodi ya mitandao ya kijamii ikabadilishwa kuwa asilimia 12 kwenye bando. Kwa mtu wa kipato cha chini, serikali ikiingia ndani ya simu imekuja kuchukua au kufunga. Halafu kupitia simu hiyohiyo anaambiwa: ingia hapa, weka namba yako ya kitambulisho, tukupe.

Na mara moja ilijaribu kweli kutoa. Julai 2021, katika kufungiwa kwa pili kwa sababu ya corona, serikali ilituma shilingi 100,000 kwa simu kwa kaya maskini za mijini, zikiwamo za Arua. Lengo lilikuwa kaya zinazozidi kidogo laki tano nchi nzima. Jina kwenye orodha lilitakiwa lilingane na jina lililosajiliwa kwenye laini. Katika nyumba nyingi za hapa laini ya mama imesajiliwa kwa jina la mume, la kaka, la mtoto aliyekuwa na kitambulisho wakati masharti ya usajili wa laini yalipokazwa mwaka 2017. Pesa ya mama ikawa inatafuta jina la mama katika simu ya mtu mwingine. Wengine walipata, nao wakashukuru kwa dhati. Waliokosa hawakupewa sababu. Walimwona jirani anapokea, na jambo walilojifunza likawa moja: huko kuna wanaojulikana na wasiojulikana.

Mpango mkubwa wa sasa ni Parish Development Model, PDM, uliozinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Kila parishi, na nchini ziliorodheshwa 10,594, ilipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Mwanachama anaweza kukopa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na pesa hupita kwenye pochi ya simu ya Wendi. Taarifa za kaya zinaingizwa katika mfumo wa kompyuta kabla ya yote. Kwenye karatasi ni mpango uliofikiriwa, wenye mafungu maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Kijijini unakutana na kumbukumbu ya mipango iliyopita. Ilikuwapo Entandikwa miaka ya tisini, ikaja NAADS mwaka 2001, ikaja Operation Wealth Creation, ikaja Emyooga. Baadhi ya vijana waliochukua fedha za mradi wa Youth Livelihood wakashindwa kurejesha walitafutwa na polisi. Sasa ukimwambia mjane wa Mvara abonyeze "kubali" kwenye skrini yenye maneno ya Kiingereza, anabaki na maswali ambayo skrini haina majibu yake. Mbuzi akifa? Nikifa mimi, deni linamwangukia nani? Watachukua kiwanja? Wapo wanaoamini kwamba ni shukrani ya kura na haidaiwi, wapo wanaoamini kwamba ni mtego wa ardhi, na makundi yote mawili yanaishi mtaa mmoja. Anayeogopa kuuliza huonekana amekataa maendeleo. Mimi naona ni mtu makini aliyenyimwa mtu wa kumjibu.

Kati ya mtu na skrini pana mtu mwingine, na mradi hauna habari naye. Katika nyumba nyingi ni mjukuu. Kwa wasio na mjukuu ni wakala wa pesa za simu, yule binti aliyekaa chini ya mwavuli wa njano au mwekundu. Anajua namba za siri za nusu ya mtaa. Zimeandikwa nyuma ya kadi, au mzee anazitamka kwa sauti mbele ya foleni: "Ni mwaka aliozaliwa mtoto wangu wa kwanza." Binti anabonyeza, anatoa pesa, anahesabu mara mbili mbele ya mzee. Mawakala wengi ni waaminifu, na bila wao malipo haya yasingewafikia watu. Lakini tuone anacholipa mzee. Kila mara anapotaka kilicho chake, anapaswa kufungua siri za maisha yake mbele ya kijana wa umri wa mjukuu: deni, ugonjwa, mtoto asiyetuma pesa. Katika mila zetu mkubwa hamwombi mdogo amsomee barua zake. Mzee aliyekuwa mwalimu, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliyekuwa akiamua kesi za ardhi, leo anashika simu ya kitochi kama mtoto na kusema, "Mwanangu, hebu niangalizie." Wengine wanalivumilia hilo. Wengine heshima yao haiwaruhusu, na wanaiacha pesa. Sithubutu kuwaita wajinga.

Lugha inaongeza uzito. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, na sokoni Arua kinatumika kila siku pamoja na Kilugbara na Kilingala. Kwenye tovuti za serikali na menyu za simu utakuta aghalabu Kiingereza. Anayesoma Kiingereza kidogo ndiye anayeteseka zaidi, kwa sababu anatambua neno moja moja na kuogopa kwamba lile asilolijua ndilo litakalomfunga. Menyu ya simu haisubiri. Ukichelewa inajifunga, unaanza upya, na mtu aliyekwishajiona mzito wa kuelewa anachukulia kujifunga huko kuwa jibu.

Wataalamu wawili wa Marekani, Pamela Herd na Donald Moynihan, waliandika kitabu mwaka 2018 wakieleza kwamba kila huduma ya serikali ina gharama tatu zisizo kwenye risiti: gharama ya kujua, gharama ya kutimiza masharti, na gharama ya nafsi, yaani aibu, wasiwasi na hisia ya kupoteza uhuru. Walikuwa wanaandika juu ya Marekani, nchi tajiri. Uholanzi nako serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021, baada ya kubainika kwamba maelfu ya familia zilituhumiwa kwa makosa kuiba posho ya malezi ya watoto, na kompyuta ilikuwa imeshiriki kuwachagua wa kutuhumiwa. Nataja haya kwa sababu huku, mtu akiogopa mfumo, wa mjini husema ni ushamba. Waholanzi nao waliogopa vilevile, na walikuwa sahihi.

Nawaelewa waliopanga. Kabla ya kompyuta palikuwa na orodha za mkono, na kwenye orodha za mkono palikuwa na wafu wanaopokea, majina mawili ya mtu mmoja, na chifu aliyempa shemeji yake kwanza. Alama ya kidole ilikuja kumzuia mwizi, na katika sehemu fulani imemzuia. Sitaki turudi kwenye daftari la mtu mmoja mwenye kalamu. Lakini kila kufuli ina bei, na bei ya hii amebebeshwa mtu asiyeiba. Mwizi ana muda, ana ujasiri na ana rafiki ofisini. Bibi mwenye vidole vilivyolika hana hata kimoja.

Dawa inayopendekezwa kila mara ni uhamasishaji: warsha, fulana, magari yenye vipaza sauti. Nina shaka nayo. Ukimfundisha mtu ujasiri halafu ukamrudisha kwenye meza ileile iliyomwaibisha, umemfundisha kuaibika mara mbili. Woga huu hauponi kwa kuelezwa. Unapona siku mtu anapokwenda, anakwama, na mtu mwenye mamlaka anamwambia mbele ya wote, "Tatizo ni la mashine, mama, si lako. Kaa kivulini, leo utalipwa." Aliyeona hayo atarudi, na atamleta jirani yake.

Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016. Mwenye miaka 70 na kuendelea alipewa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, na kiasi hicho kikaongezwa baadaye hadi 50,000. Wakati inaanza, hakuna aliyetakiwa kuthibitisha umaskini wake. Tajiri na fukara waliingia kwa mlango mmoja wa umri na ukaazi. Visiwa ni vidogo, masheha wanajua watu wao, na Uganda haiwezi kuiga yote. Ila lile la msingi lingetufaa: kadiri mtu anavyodaiwa kujieleza kidogo, ndivyo anavyosimama wima zaidi anapopokea. SAGE yetu kwa umbile lake iko karibu na hapo, kwa kuwa inatazama umri tu. Hata mpokeaji mbadala inamruhusu, mtu anayeaminika achukue kwa niaba ya mzee asiyeweza kutembea. Kinachokosekana ni mtu pale mezani mwenye ruhusa ya kusema ndiyo pale mashine inaposema hapana.

Mtu huyo anaweza kupatikana bila kuajiri hata mmoja. Mwenyekiti wa LC1 anamjua kila mzee wa kijiji chake, chifu wa parishi ana muhuri, na makanisa na misikiti ina watu wanaoheshimiwa na wasiogombea kitu. Watatu hao wakitia sahihi pamoja kwamba huyu ndiye, akalipwa siku ileile na karatasi ikamfuata baadaye, kumzuia mwizi bado kunawezekana, maana kununua mashahidi watatu wanaoishi na wewe ni kazi ngumu. NIRA ilianza uandikishaji mpya na uhuishaji wa vitambulisho Mei 2025 na ikafungua njia ya kujaza fomu mtandaoni kwanza. Ni hatua nzuri kwa mwenye simu janja na mjukuu. Wengine wote walihitaji meza kijijini, karani anayesema Kilugbara au Kikakwa, na saa nzima ya kusahihisha herufi na tarehe bila kuharakishwa.

Ninaliomba jiji la Arua na manispaa ya Koboko jambo moja la kuanzia. Kila kituo cha malipo kiwe na daftari la waliorudishwa: jina, kijiji, sababu, na tarehe ya kuitwa tena. Idadi yao isomwe kila robo mwaka kwenye Radio Pacis na Spirit FM, kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, kama zinavyosomwa bei za mazao. Chifu wa parishi yenye majina mengi aulizwe hadharani amefanya nini.

Na wewe msomaji, ikiwa kwenu yuko mtu wa miaka 80 ambaye hapokei, usimwambie aende. Nenda naye, kaa naye kwenye foleni mpaka mwisho, na akikataliwa omba sababu iandikwe kwenye karatasi yenye jina la aliyekataa. Ukinyimwa karatasi hiyo, peleka habari kwa chifu wa parishi siku hiyohiyo, kabla mzee hajaanza kuamini kwamba kosa lilikuwa lake.